Mhusika wako hana uhai? Tafuta chanzo kwanza kabla hujaanza kurekebisha

Umemaliza drafti ya kwanza, umempa mtu asome, karudi anakwambia "stori nzuri ila huyu mhusika wako sijui, sijamuelewa". Basi, kaishia hapo. Hakwambii tatizo ni nini kwasababu na yeye hajui, anachojua ni kwamba alikuwa anasoma vizuri tu halafu katikati akajikuta ameshika simu. Hapo sasa waandishi wengi wanakimbilia kuongeza vitu, rangi ya macho, kovu shavuni, utoto wa shida, mama aliyefariki mapema, na drafti ya pili inarudi nene kuliko ya kwanza na mhusika bado amelala vilevile.

Miswada ya watu naisoma sana na naipenda hii kazi, na nnachokiona karibu kila mara ni kwamba dalili inatokea sehemu moja na chanzo kiko sehemu nyingine kabisa. Mazungumzo yamepooza kwasababu ya kitu ambacho hakimo kwenye mazungumzo. Mwisho hauaminiki kwasababu ya sura ya tatu. Kwahiyo soma ukiwa na mswada wako pembeni, nenda kwenye dalili inayokuhusu, fanya kipimo, ndo uguse chochote.

Dalili: "hana uhai", "mkavu", "hajanigusa"

Hii ndo kubwa na nitakaa nayo zaidi, maana nyingi ya zile nyingine zinazaliwa humu.

Kipimo: chukua karatasi, pitia mswada sini kwa sini (sini ni tukio moja, mahali pamoja na wakati mmoja), na kwa kila sini andika sentensi moja tu, mhusika mkuu ameamua nini hapa. Usiandike amehisi nini, amekumbuka nini wala amefanyiwa nini. Ameamua nini. Ukikuta sini nne tano zimefuatana na hamna cha kuandika, chanzo umeshakipata, mtu wako ni abiria ndani ya stori yake mwenyewe. Angalia hata vitenzi vyake, anafukuzwa, anaachwa, anaitwa, anaambiwa siri, anaokolewa, kauli ya kutendwa tupu ukurasa mzima.

Dawa yake watu wanadhani ni kumfanya awe mkali, awe shujaa, apige watu. Hapana. Mtu mpole anaamua. Hata aliyefungwa chumbani anaamua, ale au asile, ajibu au anyamaze. Kinachotakiwa ni uamuzi wenye gharama, yaani akichagua hiki anapoteza kile, na vyote viwili anavitaka kweli. Chukua dada mmoja mhasibu aliyegundua bosi wake anaiba. Kwenye drafti iliyolala anagundua, anaogopa, analia, rafiki yake anapeleka ushahidi polisi, bosi anakamatwa, mwisho. Huyu dada amefanya nini? Ameona tu. Sasa mpe mdogo wake anayesomeshwa na mshahara huohuo wa bosi mwizi, halafu muweke peke yake ofisini saa mbili usiku na lile faili liko wazi mbele yake na kulifuta ni sekunde moja. Hapo hata akikaa tu anaangalia skrini tunamuona. Akilifuta tunamjua zaidi. Akilikopi kwanza ndo akalifuta, kesho yake akamsalimia bosi kama kawaida na asimwambie mtu yeyote, sa hapo una mtu, na hujasema neno hata moja kuhusu pua yake.

Kama kwenye karatasi yako maamuzi yapo lakini mhusika bado mkavu, angalia anachokitaka. Ukiuliza waandishi mhusika wako anataka nini utaambiwa anataka furaha, anataka kupendwa, anataka maisha mazuri. Nani hataki? Kitu kama hicho huwezi kukiandikia sini kwasababu haijulikani siku gani amekipata na siku gani amekikosa. Kishushe mpaka kiwe kitu ambacho mtu akisimama mlangoni anaweza kuona kimetokea au hakijatokea. Anataka baba yake amuite jina lake mbele za watu. Anataka kusaini mkataba wa ile nyumba kabla kaka yake hajarudi. Anataka aliyemcheka darasani amuone siku anayopewa cheo. Konstantin Stanislavski, muongozaji wa maigizo wa Urusi, alikuwa akiwafundisha waigizaji wake pale Moscow kuigawa tamthilia vipande vipande na kwenye kila kipande kujiuliza mhusika anataka nini hapa hapa, halafu ipo na ile shabaha kubwa inayoviunganisha vipande vyote. Alikuwa anafundisha waigizaji lakini chombo hichohicho kinamfaa mwandishi, pengine kuliko muigizaji, kwasababu wewe ndo unayeumba hayo matakwa, yeye anayatafuta tu.

Chanzo cha tatu ni kwamba mhusika hana ugomvi ndani yake, anachokisema, anachokitaka na anachokifanya vyote vinaelekea upande mmoja. Shuleni wengi tumesomeshwa mhusika bapa, mwenye upande mmoja tu, na mhusika duara, mwenye pande nyingi, na mgawanyo huo ulianzia kwenye mihadhara ya mwandishi Mwingereza E.M. Forster kule Cambridge mwaka 1927. Kipimo alichokitoa cha mhusika duara ni kizuri sana na kinasahaulika: je, anaweza kukushangaza na bado ukamuamini? Asipokushangaza kabisa ni bapa, akikushangaza usimuamini basi ni bapa anayejifanya duara. Na ubapa wenyewe sio kosa. Mlinzi wa getini anayetokea mara mbili akiwa na tabia moja inayokumbukika yuko sawa kabisa, muache, usimtafutie utoto wa shida.

Dalili: wote wanaongea sauti moja

Kipimo: chukua ukurasa wa mazungumzo, futa majina yote na kila "alisema fulani", uweke pembeni siku kadhaa kisha usome mwenyewe. Ukipotea hujui nani anaongea, msomaji alishapotea zamani.

Waandishi wakigundua hili wanakimbilia kuweka vionjo, huyu apewe neno lake la kurudiarudia, yule aongee kwa lafudhi, maneno yanaandikwa kwa tahajia iliyopinda mpaka kusoma kunachosha. Lafudhi kidogo inatosha, mpangilio wa maneno na chaguo la neno moja moja vinafanya kazi kubwa zaidi. Chanzo chenyewe mara nyingi ni kwamba watu wako wote ni wakweli mno, wanajibu swali waliloulizwa. Angalia hii:

"Umechelewa."
"Ndiyo, samahani, bosi alinichelewesha halafu barabarani kulikuwa na foleni."

Hamna kitu hapo. Tumepewa taarifa tu. Sasa hii:

"Umechelewa."
"Umekula?"

Wa pili hajajibu, na kwa kutojibu tumejua kuna kitu, ama anaficha ama anabembeleza ama wameshagombana sana kuhusu hili na amechoka. Kwahiyo kabla hujaandika mazungumzo jiulize kila mmoja anaficha nini kwa mwenzake kwenye hiki chumba, na anatumia njia gani kukificha. Mmoja anaficha kwa kuuliza maswali, mwingine kwa utani, mwingine kwa kutoa amri, mwingine anaongea sana kuhusu kitu kingine. Hapo sauti zinaachana zenyewe bila kulazimisha. Ongeza na jinsi mtu anavyoomba kitu, yupo anayesema "naomba hiyo chumvi", yupo anayesema "lete", yupo anayesema "hii mboga imepoa sana" akisubiri mtu aelewe.

Kitu kingine, soma kwa sauti. Kwa sauti kabisa, sio kimoyomoyo. Ulimi unakwama pale ambapo jicho linateleza.

Dalili: mhasimu wako ni katuni

Anacheka vibaya, anapiga watoto, anavaa nyeusi, na hamna anayejua asubuhi akiamka anafikiria nini. Chanzo ni kwamba umemuandika mara zote ukiwa umesimama upande wa shujaa. Kaa chini uandike sini moja muhimu upya, kurasa mbili tatu, kwa nafsi ya kwanza, mhasimu ndo anasimulia na yeye ndo mwenye haki. Hiyo sini haitaingia kwenye kitabu, ni ya kwako tu. Usipoweza kuiandika bila kumfanya ajichukie basi bado humjui. Yule bosi mwizi wa mhasibu wetu kwa mfano, labda kampuni ameianzisha yeye, wakaja wenye hela wakamuachia kiti tu, na anachokifanya yeye haiti wizi, anaita kurudisha. Ukishajua hivyo hata namna anavyofunga mlango itabadilika. Halafu mpe kitu kimoja ambacho hawezi kukifanya hata iweje, mpaka wake. Mtu mbaya mwenye mpaka anatisha kuliko asiye nao, kwasababu tunaanza kusubiri siku atakayouvuka.

Dalili: shujaa ni mzuri mno, msomaji hamjali

Hapa chanzo ni mapenzi, mwandishi anampenda mtu wake na hataki apate aibu. Ndo anampa kasoro za kusingizia, eti "anafanya kazi kupita kiasi", "anawaamini watu haraka", zile tunazozitaja kwenye intavyuu ya kazi. Kipimo ni rahisi, hiyo kasoro imemuumiza nani? Kama hamna mtu mwingine kwenye stori aliyelipa kwa ajili yake, sio kasoro. Mtafute mtu, amuumize kweli, na asiweze kulirekebisha lote kwenye sura inayofuata.

Dalili: kabadilika ghafla, mwisho hauaminiki

Hapa naomba uende taratibu maana ndo sehemu ambayo miswada mizuri kabisa inaharibikia. Sura ya kwanza mtu ni bahili wa kutupwa, sura ya ishirini anagawa mali. Katikati kimetokea nini? Kalazwa hospitali, mtu kamwambia maneno mazito, kalia, kabadilika. Msomaji hasemi kitu ila moyoni anakataa, kwasababu anajua watu hawabadiliki kwa kuambiwa, wangekuwa wanabadilika hivyo sote tungekuwa malaika.

Kipimo: tafuta ule uamuzi wa mwisho unaoonyesha amebadilika, halafu rudi nyuma utafute ni wapi alikutana na uamuzi unaofanana na huo mapema. Kama hakuwahi kukutana nao, ndo chanzo, badiliko halina cha kulinganishwa nacho. Bahili anayegawa mwishoni lazima tumuone mwanzoni akiombwa na kukataa, na kukataa huko kumnufaishe, ili tuelewe kwanini anaushikilia ubahili wake. Katikati aombwe tena, safari hii akubali nusunusu, au akubali kwa sababu mbaya, labda ili asifiwe, halafu imgeuke. Akaapa harudii. Watu wanapobadilika huwa wanarudi nyuma kwanza, na hiyo hatua ya kurudi nyuma waandishi wengi wanairuka kwasababu inaonekana inachelewesha stori, wakati ndo inayofanya mwisho uaminike. Alafu ndo lile ombi la mwisho, gumu kuliko yote, na hapo hauhitaji hotuba.

Na hiyo hotuba ifute. Ukiona mhusika anasimama anaeleza "nimegundua kwamba maisha sio pesa", futa yote, uone kama kitendo peke yake kinatosha. Kisipotosha tatizo liko kwenye kitendo, hotuba ilikuwa inakifunika tu.

Nyongeza ndogo, sio lazima kila mtu abadilike. Kuna stori nzuri ambazo mhusika anabaki alivyo na dunia inayomzunguka ndo inasogea, au nafasi ya kubadilika inamjia na anaikataa mbele ya macho yetu. Kukataa nako ni uamuzi. Kinachokera ni kubadilika kwa kulazimishwa kwasababu mwandishi alisikia kwamba lazima.

Dalili: "sa si angepiga simu tu?"

Msomaji akiuliza swali la namna hii, kwanini hakupiga simu, kwanini hakuondoka, kwanini alimuamini, maana yake umemsukuma mhusika kwasababu ploti ilikuwa inamhitaji kule. Usitatue kwa kuharibu simu. Betri kuisha inakubalika mara moja, ya pili msomaji anakuona mwandishi umesimama nyuma ya pazia. Tafuta sababu ndani ya mtu. Hakupiga kwasababu akipiga atalazimika kukiri alikuwa wapi. Hakuondoka kwasababu alishawaambia watu wote kwamba hii ndoa haitavunjika kama ya dada yake. Hapo kikwazo kinageuka kuwa tabia, na ile sehemu iliyokuwa dhaifu inakuwa moja ya sehemu zenye nguvu.

Na ukitafuta sababu ukaikosa kabisa, badilisha ploti. Inauma, najua, unakuta sura tatu zimekaa juu ya kitu ambacho huyu mtu asingefanya kamwe. Lakini ukimlazimisha hapa, kila anachokifanya baadae kitakuwa na shaka.

Dalili: historia ya mhusika inasimamisha stori

Sini inaanza vizuri, mlango unagongwa, halafu kurasa nne za mbinu rejeshi, yaani kurudi nyuma kwenye yaliyopita, kuhusu utoto wake, tukirudi tumesahau mlango. Chanzo mara nyingi ni zile dodoso za maswali mia, rangi anayoipenda, mwalimu wake wa kwanza, ukishazijaza unaona uchungu kuziacha. Jaza kama zinakusaidia, ila kwenye kitabu inaingia ile tu inayobadilisha anachokifanya sasa hivi, na inaingia pale msomaji ameshaanza kujiuliza. Akiogopa mbwa, acha aogope sura mbili bila maelezo. Pengine maelezo hayatahitajika kabisa.

Dalili ndogondogo

Vitu vinavyojipinga. Kovu la kushoto limehamia kulia, mtoto ana miaka saba sura mbili mfululizo zilizopishana miaka mitatu. Hii inawapata hata wakubwa, Arthur Conan Doyle alimpa Dk. Watson, yule rafiki wa mpelelezi Sherlock Holmes, jeraha la risasi begani mwaka 1887, kufika hadithi ya 1890 jeraha liko mguuni. Fungua faili moja pembeni, kila ukimpa mtu umri, jeraha, ndugu au kazi, andika na namba ya sura. Basi.

Wahusika wanachanganyika. Angalia majina kwanza, watatu wanaoanza na herufi moja na urefu uleule ni mateso kwa msomaji. Halafu angalia kama kuna wawili wanaofanya kazi ileile kwenye stori, rafiki mshauri na shangazi mshauri, waunganishe wawe mmoja, utashangaa huyo mmoja anavyopata uzito.

Majina yanasema kila kitu. Majazi, yaani kumpa mhusika jina linaloitaja tabia yake, ni mbinu yenye heshima yake, Shaaban Robert kwenye Kusadikika, 1951, anamweka Karama kizimbani na Majivuno ndo anayemshitaki, na inakubali kwasababu ile ni istiara kutoka mwanzo mpaka mwisho, msomaji anajua yuko nchi gani. Ila kwenye riwaya ya uhalisia ukimuita mtu Katili tumeshamaliza kumsoma kabla hajafungua mdomo.

Dalili: mhusika msaidizi anamfunika mkuu

Wasomaji wote wanaulizia yule jirani, hamna anayemuulizia shujaa. Usikimbilie kumpunguza jirani, kwanza jiulize kwanini yeye ameiva. Karibu kila mara ni kwasababu hukumbebesha chochote, hana kazi ya kusogeza ploti, hana ujumbe wa kufikisha, kwahiyo ulimuacha awe mbishi, awe na tamaa, aseme vitu vibaya. Mkuu ulimlinda. Rudi kwa mkuu umpe uhuru uleule, chukua sini tatu zake na uziandike kama vile na yeye ni mtu wa pembeni ambaye hana wajibu wa kumfurahisha mtu.

Isiposaidia, tatizo linaweza kuwa ni pale uliposimama kuisimulia stori, yaani nani anasimulia na anaona kwa macho ya nani. Kubadilisha msimulizi ni kazi kubwa lakini sio ya ajabu. Mwandishi Mrusi Fyodor Dostoevsky alianza Crime and Punishment, ile riwaya yake ya mwanafunzi muuaji, kwa nafsi ya kwanza, muuaji mwenyewe anaungama, na mwishoni mwa 1865 akachoma alichokuwa ameandika akaanza upya, na ilipoanza kutoka jaridani 1866 ilikuwa kwa nafsi ya tatu, msimulizi amekaa karibu kabisa na kichwa cha yule kijana lakini anaweza pia kumuona kwa nje. Wewe huna haja ya kuchoma kitu. Chagua sini moja yenye joto, iandike kwa nafsi ya kwanza ya mkuu, kisha kwa nafsi ya tatu ya karibu, kisha kwa macho ya jirani akimtazama mkuu. Zipe siku kadhaa, zisome zote tatu kwa mkupuo, na ile ambayo ulijikuta unataka kuendelea kuiandika hata baada ya sini kuisha, anza drafti inayofuata kwa hiyo. Na kama ni ya jirani, basi mpe jirani kitabu.